Transcribe!: Programu Inayomwachia Mpiga Gitaa Kazi ya Kusikiliza

Mpiga gitaa la umeme asiye na mwalimu, anapotaka kujifunza solo aliyoisikia kwenye rekodi, huwa na njia tatu. Anaweza kutafuta karatasi yenye mistari sita na namba za freti (vile vipande vya chuma vinavyogawa shingo ya gitaa) iliyoandikwa na mtu mwingine. Anaweza kutazama video ya mtu anayeipiga solo hiyo polepole. Au anaweza kukaa na rekodi yenyewe na kuisikiliza kipande kwa kipande, hadi vidole vifike pale ambapo sikio limekwisha kufika. Njia ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo pekee inayomjenga mpigaji. Transcribe!, programu ya kompyuta inayotengenezwa na Seventh String Software, imeundwa kwa ajili ya njia hiyo. Nimeitumia kwa muda mrefu nikiwa mpigaji wa ridhaa, kwanza kwa kujifunza solo za watu na baadaye kwa kuzisafisha nilizokwisha kujifunza, na ukiondoa gitaa lenyewe sijapata chombo kilichonisaidia zaidi.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni kwamba programu hii haikuandikii muziki. Watengenezaji wake wanalisema hilo waziwazi, na ninawaheshimu kwa kulisema, maana wanunuzi wengi huja wakitarajia kupachika wimbo upande mmoja na kupokea noti zilizokamilika upande wa pili. Hiki ni chombo cha kuchezea rekodi kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutoa muziki kwenye sauti kwa sikio lake mwenyewe. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, unaweza kuijaribu bure kwa siku 30, na leseni yake hulipiwa mara moja badala ya kila mwezi. Ukifungua faili la wimbo unaona picha ya mawimbi ya sauti imetandazwa kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake kuna kibodi ya piano. Unachagua kipande kwa kuburuta kipanya juu ya mawimbi hayo, nayo inakirudia bila kukoma hadi uiambie inyamaze.

Watu wengi huifuata kwa ajili ya kupunguza kasi, na hapo inajibu vizuri. Wapigaji wa enzi za santuri walikuwa na hila yao: baadhi ya mashine za wakati huo zilikuwa na kasi ya mizunguko 16⅔ kwa dakika pamoja na ile iliyozoeleka ya 33⅓, hivyo santuri iliyowekwa kwenye kasi ya chini ilicheza kwa nusu kamili ya mwendo wake. Tatizo ni kwamba mwendo ukipungua nusu, mitetemo ya sauti nayo hupungua nusu, na kila noti hushuka oktava nzima. Solo iliyopigwa juu kabisa ya shingo ilisikika kana kwamba imetoka kwenye gitaa zito, na yale mambo madogo ya vidole ambayo msikilizaji aliyatafuta yakazama kwenye mngurumo. Programu ya leo hupunguza mwendo huku noti zikibaki palepale zilipo. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, mpigaji anayeweka noti nne ndani ya kila pigo anapiga noti nane kwa sekunde, na kila noti inapewa sekunde 0.125 tu. Sikio ambalo halijazoea halizitenganishi; linasikia msururu. Kwa nusu ya kasi kila noti inapata sekunde 0.25, na mtu yeyote anayeweza kuimba wimbo alioupenda anaweza sasa kuziimba noti hizo moja baada ya nyingine.

Neno kuimba nimelitumia kwa kukusudia, kwa sababu matumizi bora ya programu hii, kwa uzoefu wangu, huanza gitaa likiwa bado limeegemezwa ukutani. Chagua kipande cha noti tano au sita, kiache kijirudie kwa asilimia 70 ya kasi yake, na ukiimbe mpaka sauti yako isipishane tena na rekodi. Ni baada ya hapo ndipo unapochukua gitaa. Anayeanza na vidole hubahatisha freti moja baada ya nyingine na kuacha kutafuta mara tu anapopata noti inayokaribiana na ile ya kweli. Aliyekwisha kuimba ana kipimo kichwani, na noti isiyo sahihi humkera papo hapo.

Nieleze kwa mfano mmoja kile ambacho kasi ndogo hufichua. Chukua kipande kinachojitokeza mara kwa mara katika solo za bluzi na roki zilizo kwenye A maina. Mpigaji anapiga uzi wa tatu kwenye freti ya saba, ambayo ni D, na kuuvuta hadi ufikie E. Kisha anapiga uzi wa pili kwenye freti ya tano, ambayo nayo ni E, anapanda hadi G kwenye freti ya nane ya uzi huohuo, na kumalizia kwa A kwenye freti ya tano ya uzi wa kwanza. Kwenye karatasi yote hayo ni namba nne na mshale mmoja, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyapata kwa muda mfupi sana. Ukikisikiliza kipande hichohicho kwa nusu ya kasi, unagundua kwamba karatasi imekuambia sehemu ndogo tu ya habari. Mvuto haukuruka kutoka D hadi E. Ulipanda taratibu mwanzoni, kisha ukaongeza mwendo ulipokaribia kileleni. E ya pili iliingia wakati ile ya kwanza bado inalia, hivyo kwa sehemu ya sekunde zilikuwepo E mbili zilizotofautiana kidogo sana, na kule kukwaruzana kwao ndiko kulikokipa kipande ukali wake. G ilikatwa mapema. A ilichelewa kidogo nyuma ya mpigo wa ngoma, ikakaa tuli kwa muda, na baada ya hapo tu ndipo mkono ulipoanza kuitetemesha. Mpigaji anayecheza namba nne na mshale atakuwa amepiga noti zote sahihi na bado wasikilizaji watauliza kwa nini haisikiki kama ile ya kwenye rekodi.

Vivyo hivyo kwa ule ufundi wa kuuvuta uzi kimyakimya kabla ya kuupiga, kisha kuuachia ushuke. Kwa kasi ya kawaida sikio linasikia noti mbili, ya juu na ya chini, na wengi huzipiga kwa freti mbili tofauti. Kwa kasi ndogo mteremko wa katikati unajitokeza wazi. Vibrato nayo inapimika: ikiwa mkono wa mpigaji unatikisa uzi mara sita kwa sekunde, kwa nusu ya kasi utasikia mara tatu, na hapo unaweza kuamua kama mtikiso ni mpana au mwembamba, na kama unaanza mara noti inapopigwa au baada ya kusubiri. Nashauri tu kutoshuka chini sana bila sababu. Kadiri kasi inavyozidi kupunguzwa ndivyo mgongano wa piki (kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi) na uzi unavyopoteza ncha yake, sauti ikaanza kuyumba na kuwa na unyevunyevu fulani. Asilimia 70 inatosha kwa kazi nyingi, 50 kwa misururu ya haraka, na chini ya hapo ni kwa ajili ya kuchunguza pambo moja lililogoma kueleweka.

Sehemu ya pili ya programu ambayo inastahili kuelezwa kwa kirefu ni mchoro wa masafa ya sauti unaoonekana juu ya ile kibodi ya piano. Ukisimamisha rekodi mahali fulani, vilima vinainuka juu ya vitufe vya noti zinazosikika, na ukibonyeza kitufe chochote cha kibodi unasikia noti yake, hivyo unaweza kuilinganisha na ile ya kwenye wimbo. Kwa mpiga gitaa faida kubwa ipo kwenye noti zilizovutwa. Kutoka D hadi E ni toni nzima, yaani senti 200 kwa kipimo ambacho kila nusu toni ina senti 100, na kilima cha uzi uliovutwa kinaweza kusimama popote kati ya vitufe hivyo. Katika bluzi iliyo kwenye A, noti ya tatu ya skeli mara nyingi huvutwa kidogo tu, ikaachwa katikati ya C na C shapu. Aliyelelewa na karatasi za namba huichukulia kama makosa ya mpigaji, au huipiga C kavu isiyo na uhai. Mchoro unaonyesha kwamba ilikusudiwa, kwa kuwa mpigaji anarudi mahali palepale kila mara.

Hata hivyo mchoro huu unataka mtu anayejua kuusoma, na ninaona hapa ndipo wanaoanza hupotea. Uzi wa gitaa hautoi mtetemo mmoja. Uzi wa tano ukipigwa wazi hutoa A ya hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na papo hapo hutoa pia hezi 220, ambayo ni A ya juu yake, hezi 330, ambayo inalingana karibu kabisa na E, hezi 440, ambayo ni A tena, na hezi 550, ambayo iko senti 14 hivi chini ya C shapu ya piano. Amplifaya ikiwa na distoshoni, yaani sauti iliyokolezwa hadi ikwaruze, hizo sauti za juu hupata nguvu mno kiasi kwamba vilima vyake vinaweza kulingana na kile cha noti yenyewe. Mtu anayeamini kila anachokiona ataandika kordi nzima ya A meja pale ambapo palipigwa uzi mmoja tu. Programu ina uwezo wa kukisia noti na kordi, na makisio hayo yanasaidia kwenye gitaa safi lisilo na mchanganyiko mkubwa, lakini katika solo yenye distoshoni juu ya ngoma na besi nashauri yazimwe. Hayo ni maumbile ya sauti, na chombo chochote cha aina hii hukutana nayo. Kwa hiyo mchoro utumike kuthibitisha kile ambacho sikio limekwisha kukisia, na mpangilio huo usigeuzwe.

Kuna swali moja ambalo halijibiwi na mchoro wala na kasi ndogo: noti imepigwa wapi kwenye shingo. E ya hezi 329.63 inapatikana kwenye uzi wa kwanza ulio wazi, freti ya tano ya uzi wa pili, ya tisa ya uzi wa tatu, ya 14 ya uzi wa nne na ya 19 ya uzi wa tano, na zote ni E ileile. Tofauti iko kwenye rangi ya sauti, kwa kuwa uzi mnene ukibanwa juu shingoni hutoa sauti ya mviringo zaidi kuliko uzi mwembamba unaobanwa karibu na kichwa. Njia ninayoiamini ni kutafuta ushahidi kwenye noti jirani. Kama noti iliyotangulia inaendelea kulia, basi noti hizi mbili haziko kwenye uzi mmoja. Kama kidole kimesikika kikiteleza kutoka chini kwenda juu, basi zipo kwenye uzi mmoja. Na kama uzi wazi umeingia katikati ya msururu wa haraka, mkono ulipata nafasi ya kuhama wakati huo. Kazi hii ya upelelezi huchosha mwanzoni, lakini ndiyo inayomfundisha mtu kuijua shingo ya gitaa lake.

Kuhusu kupanga nyuzi, programu inakuwezesha kupandisha au kushusha rekodi nzima kwa nusu toni na hata kwa senti chache. Jimi Hendrix na Stevie Ray Vaughan walijulikana kwa kushusha nyuzi zao nusu toni, na mtu asiyetaka kulegeza nyuzi kila anapofanya mazoezi ya solo zao anaweza kuipandisha rekodi badala yake. Akumbuke tu kwamba nyuzi zilizolegezwa huvutika kwa urahisi zaidi, hivyo mkono wake utafanya kazi ngumu kuliko ule wa kwenye rekodi. Zipo pia rekodi za zamani ambazo haziko kwenye A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kupangia ala, wala nusu toni chini yake, kwa kuwa mkanda ulizungushwa haraka au polepole kidogo, na kwa hizo marekebisho ya senti ni lazima. Bila hayo mtu anaweza kujiona hana sikio kumbe gitaa lake na wimbo haviko mahali pamoja.

Uwezo wa kusikiliza upande mmoja wa stereo peke yake nauthamini hasa kwenye muziki wenye magitaa mawili au matatu yanayopishana, kama yale ya sebene, ambapo solo na rithimu mara nyingi zimegawanywa kushoto na kulia na ukizisikiliza pamoja huwezi kusema ni mkono upi umepiga nini. Programu inaweza pia kufuta kile kilichowekwa katikati ya stereo. Watu huitumia kuondoa mwimbaji, lakini katika nyimbo nyingi solo nayo hukaa katikati, kwa hiyo ukifuta katikati unabaki na sehemu ya bendi inayokusindikiza wewe. Matokeo hutegemea rekodi ilivyochanganywa, na besi mara nyingi huondoka pamoja na solo.

Kusafisha solo ni kazi tofauti na kuijifunza, na ni kazi ambayo wapigaji wengi wa ridhaa hawaifanyi kabisa. Tukiweza kuipiga kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na rekodi, tunahesabu kwamba imekwisha. Sauti ya mpigaji wa asili huwa inaziba mapengo yetu. Programu hii, ingawa haikutangazwa sana kwa kazi hiyo, ni msaada mkubwa. Jirekodi ukiwa peke yako na metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa), hata kwa simu, kisha fungua rekodi yako kama ambavyo ungefungua ya mtu mwingine. Wakati sauti inacheza, bonyeza herufi S kuweka alama ya mwanzo wa sehemu, M kwa mwanzo wa kila kipimo, yaani kila kundi la mapigo, na B kwa kila pigo. Kwenye picha ya mawimbi kila mguso wa piki huonekana kama ukuta mdogo unaosimama ghafla, na unaona kwa macho ni noti zipi zimetangulia alama na zipi zimechelewa. Kisha punguza kasi hadi nusu na usikilize. Misururu inayosikika laini kwa kasi kamili hufunguka na kuonyesha noti mbili zilizobanana, kisha pengo mahali ambapo kidole kidogo kilisubiriwa. Mivuto isiyofika inajionyesha kwenye mchoro, kilima kikiishia kabla ya kitufe chake. Nyuzi zinazoachwa zikivuma chini ya noti, kwa sababu kiganja hakikuzifunika, husikika waziwazi kama mtu anayenong'ona nyuma.

Nikiilinganisha na vyombo vingine, Guitar Pro ya Arobas Music kutoka Ufaransa ni bora zaidi kwa kuandika na kusoma: inaonyesha noti na namba za freti kwa pamoja na kuzicheza. Naitumia kuhifadhi solo nilizokwisha kuzitoa kwa sikio. Lakini faili lililoandikwa na mtu usiyemjua hubeba makisio yake, na sauti inayotolewa na kompyuta kutokana na maandishi haibebi ule uchelewaji na mvuto nilioueleza juu. Zipo pia programu zinazotenganisha wimbo kuwa sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na vinginevyo. Teknolojia hiyo ilienea sana baada ya Deezer kuitoa Spleeter kwa umma mwaka 2019. Hizo zinakwenda vizuri sana pamoja na Transcribe!: tenganisha kwanza, kisha lifungue faili la sehemu yenye gitaa na kulichunguza.

Mapungufu yapo. Imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta, kwa hiyo anayefanya kila kitu kwenye simu haitamfaa. Mwonekano wake ni wa kikazi, wenye menyu nyingi na maelezo marefu ya Kiingereza, na mtu asiye na subira anaweza kutumia sehemu moja ya kumi ya uwezo wake bila kujua mengine yapo. Haifungui nyimbo zilizofungwa na huduma za kusikilizia mtandaoni, hivyo utahitaji faili lako mwenyewe la wimbo, au uirekodi sauti kupitia kompyuta. Na haina mtaala: haikuambii uanze na solo ipi, wala ni kidole kipi kiende wapi. Kwa mtu ambaye bado anahangaika kubadilisha kordi, ningesema asubiri kwanza. Kwa yule anayeweza kupiga skeli ya pentatoniki, ile ya noti tano, bila kuangalia mkono na sasa anachoka kusikika kama mazoezi, ningesema aitumie siku zote 30 za majaribio kwa solo moja fupi na ya polepole anayoipenda kwa dhati, badala ya kufungua nyimbo ishirini na kuziacha njiani.

Akishaanza, ajue kwamba alama zake na vipande alivyochagua huhifadhiwa kwenye faili la pembeni, na wimbo wenyewe hauguswi. Yote mawili yawekwe kwenye folda moja na kunakiliwa pamoja, kwa sababu faili la alama peke yake halina sauti ndani yake.